Pulsa Ilipita Saa ya Taarifa ya Habari

Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga ikianza kunguruma, natamani kurusha jiwe. Nimestaafu, nina mvi, maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kuchunguza pulsa, lakini hasira ile haijazeeka.

Pulsa ni nyota iliyokwisha kufa, ndogo, nzito ajabu, inayozunguka mbio huku ikitupa mawimbi ya redio. Kila inapogeukia upande wetu, chombo kinanasa pigo moja: tu, tu, tu, bila kuyumba. Nikiwa mwanafunzi wa fizikia, nilimwomba mwalimu wangu aniruhusu niitafute moja kutokea kwetu Kaniha, ambako hakukuwa na nyaya za umeme za kuchafua mawimbi. Alikubali kwa shingo upande. Nikirudi na karatasi yenye mapigo yanayoonekana, nitaendelea na utafiti. Nikirudi mikono mitupu, nitapangiwa shule nikafundishe.

Kaka yangu alinichimbia mashimo kwenye kona ya shamba la kijiji, tukasimamisha nguzo na kutandaza nyaya juu yake. Mama alikuwa bado ana kinyongo cha kuhamishwa kutoka kwenye migomba yake na kuletwa kwenye nyumba za mstari za kijiji cha ujamaa, na sasa binti yake naye anapanda nguzo badala ya maharage. Kinamama walipoziona nyaya, wakaanika mahindi. Nikayaondoa. Kesho yake yakarudi, pamoja na khanga.

"Kumbe msomi wetu kaja kutufungia kamba za nguo!" walinitania.

Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni mashine ya kijiji. Injini yake ilikuwa ya petroli, na kila plagi ilipotoa cheche, kalamu ya chombo changu iliruka kwenye karatasi kama bisi chunguni. Na betri ya gari iliyoendesha chombo changu niliichaji wapi? Kwenye dainamo ya injini hiyo hiyo! Bila mashine sina umeme, nikiwa na mashine sina nyota. Jamani, mtu ufanye nini hapo?

Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Leo unataka tuzime saa ngapi?"

"Saa nane, mzee."

"Wiki iliyopita ulisema saa nane na nusu. Wiki ile nyingine, saa tisa. Hiyo nyota yako haina ratiba?"

Nikamweleza kwamba kila siku nyota huwahi kidogo kupita. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniambia nikawaeleze hivyo hivyo kinamama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. Sikuthubutu. Nyota ikapita juu yetu, nami nikaambulia karatasi ya cheche.

Kisha adui akavuka mpaka huko kaskazini. Kaka akaondoka na mgambo. Mashine ikasaga unga wa askari kutwa nzima, betri yangu ikajaa, na siku moja petroli ikaisha. Mafuta yote yalikuwa yanakwenda vitani. Kijiji kikawa kimya. Lo! Nilikaribia kupiga vigelegele. Nilikuwa nimebakiza siku moja tu, kwa sababu kesho yake ndiyo nilikuwa napanda lori kurudi chuoni, na siku hiyo nyota ilikuwa ipite saa saba mchana.

Nikafunga betri kwenye chombo. Kalamu ikachora mstari mtulivu, safi, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ndipo nikamwona mwenyekiti anakuja, nyuma yake kinamama, na mbele yao wote, mama yangu.

Mawe ya redio, zile betri ndogo, yalikuwa yameadimika madukani. Kijiji hakikuwa kimesikia habari za vita kwa siku kadhaa, na betri pekee yenye chaji ilikuwa yangu. Redio yenyewe ilikuwa imefungwa kwa mnyororo ukutani, ofisini kwa mwenyekiti, na taarifa ya habari ya saa saba ilikuwa inakaribia.

"Mzee, nusu saa tu," nilisihi. "Taarifa ya habari si itasomwa tena jioni?"

Mama alinijibu kwa lugha ya nyumbani. "Kaka yako yuko huko. Nyota itapita tena kesho."

"Kesho sipo, mama!"

Alinyoosha mikono tu, apokee betri. Nilichomoa nyaya kwa nguvu mpaka nikajikata kidole. Ofisini watu walijazana hadi dirishani. Msomaji alisema majeshi yetu yanasonga mbele, kisha ukapigwa muziki. Nilisimama nje nikiziangalia nguzo zangu. Nyota ilikuwa pale pale juu yake, inapiga, na chombo changu kimezimika.

Nilipangiwa shule. Baadaye sana nilirudi kwenye utafiti, nikasoma pulsa kwenye kanda zilizorekodiwa na darubini za watu wengine, ng'ambo. Ile ya kwetu sikuipata kwa nyaya zangu mwenyewe hata siku moja.

Kaka alirudi vita vilipokwisha, nami nikiwa likizo nyumbani. Alipita kwanza shambani, akazikuta nguzo zake zimejaa mahindi. Alipoingia uani hakunisalimu hata kidogo.

"Uliipata?"

"Sikuipata," nilimjibu kwa ukali. "Betri yangu ilikuwa ofisini. Tulikuwa tunakutafuta wewe redioni."

"Mkanipata?"

"Wewe pia hatukukupata."