Msiba wa Baluku Aliyekwenda Kunyoa

Chekeni mapema, nawaruhusu, maana hata leo nikipita soko la Bwera wapo wanaonipa pole huku wameziba midomo, na sijui niuweke wapi uso wangu tangu siku nilipomfanyia mdogo wangu Baluku msiba akiwa mzima, tena akiwa kinyozini.

Baluku ni mtu mzima. Miguu yake haimsimamishi tangu utotoni na maneno yake hutoka polepole, lakini ana baiskeli yake ya kuendesha kwa mikono, ana chumba chake, ana meza yake ya kuchaji simu karibu na mpaka wa Kongo. Shida ni kwamba mama amezeeka, na baba mdogo Bwambale wa Kilembe alishaanza kusema kwamba siku mama akiondoka, Baluku atahamia kwake na chumba kitapangishwa. Baluku hataki hata kusikia. Basi mimi, dada yake Masika, ninayeishi Kasese mjini nikahudhuria semina ya familia zenye watu wenye ulemavu, tukafundishwa kuunda mduara wa watu wa kuaminika, watakaosimama na mtu wao na kumsaidia kuamua mambo yake. Nikapanda gari la kwenda nyumbani kichwa kimevimba, na kabla hatujafika Muhokya nilikuwa nimeshawachagua watu wa mduara mwenyewe! Baluku nilimwambia tu kuna wageni, akanyoe nywele.

Nilijua nikitaja mkutano kila mtu atakuwa na shughuli, kwa hiyo nikampigia baba mdogo simu, nikasema kwa sauti ya chini, "Ni mambo ya Baluku. Siwezi kusema kwa simu. Njoo tu nyumbani." (Mnaoanza kucheka mmeshaelewa. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwa simu, mtu huambiwa hivyo hivyo, njoo tu nyumbani.) Wengine nikawaambia maneno yale yale, nikijiona mjanja. Halafu, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanashuka mlimani, nikakodi hema.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Kavira, Mkongo anayeuza vitenge jirani na meza ya Baluku. Alikuja mbio, mikono kichwani. "Weee, Masika! Tutafanya namna gani sasa?" Mimi nikadhani amefiwa kwao Butembo, na mtu akija analia unalia naye kwanza, kuuliza ni baadaye, basi nikamkumbatia nikalia, na nikilia mimi silii kidogo. Mama akatoka jikoni, akatukuta hivyo, akajitupa chini bila kuuliza. Majirani wakaona hema, wakaona machozi, wakaenda kuleta kuni za matanga.

Baba mdogo alipofika hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya hema, kofia mkononi, akapasuka, "Baluku alikuwa mwanangu! Laiti ningejua, ningekuja kumuona kila mwezi!"

Machozi yangu yakakauka hapo hapo. Nikataka kusema, lakini ningesemaje, na mimi ndiye niliyekuwa nalia kuliko wote?

Nikiwa bado nimeachama, baiskeli ikaingia uani, na juu yake Baluku, kichwa kinang'aa. Kumbe alikuwa nyuma ya hema akisikiliza. Akatazama kuni, akamtazama mama pale chini.

"Nani... amekufa?"

Hakuna aliyemmalizia sentensi, na sijawahi kuona watu wengi namna ile wakimsubiri Baluku aseme. Mama Kavira ndiye aliyemsogelea, akamshika kichwa kile chenye mafuta, akampiga begani. "Eh! Iko muzima, na mimi nimefunga duka!"

Nikaeleza yote jasho likinitoka. Baba mdogo akaniuliza kama nina akili kweli. Baluku yeye alicheka mpaka nusura aanguke kwenye baiskeli, kisha akamgeukia.

"Baba mudogo... ulisema ungejua... ungekuja kila mwezi." Tukangoja. "Sasa umejua. Kuja. Lakini mimi... nabaki hapa."

Baba mdogo akapangusa uso. Alikuwa ameyasema mbele ya kijiji kizima, na machozi juu. "Sawa, mwanangu," akasema. "Utabaki."

"Na mduara?" nikadakia (sikomi!).

"Nachagua mimi." Akamtaja Mama Kavira kwanza, kwa sababu "anangojaka nimalize." Akamtaja mama, akamtaja baba mdogo. Mimi akaniacha mwisho, akanitazama sana. "Dada, wewe... unamaliza maneno yangu. Tena... vibaya."

Hema lote likacheka. Mimi niliumia, kwa sababu ni kweli, na nilikuwa sijawahi kuambiwa.

"Nitanyamaza," nikamwambia.

"Basi kuja," akasema. "Bila hema."

Tangu siku ile nimeapa, simu yoyote ninayompigia ndugu inaanza na "hakuna aliyekufa," hata kama ninataka tu kuuliza bei ya maharage. Na mduara unakutana. Kila mwezi baba mdogo anashuka kutoka Kilembe, na kabla hata ya salamu anaita kutoka barabarani, "Baluku iko?" Sisi wote tunanyamaza, mimi nimeuma ulimi, chai inapoa, mpaka mwenyewe ajibu.

"Ni... ko."