Ekseli Iliyomwagiwa Maji

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka hadi leo nawaka moto, wala si kwa huzuni. Ni hasira.

Basi dogo la baba mdogo lilikatika ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, likitoka kijiji cha Kigwa, dada yangu Zuhura akafa. Ekseli ile ilikuwa imechomelewa gereji ya mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Baba mdogo, kwa haraka ya kuwahi abiria, aliimwagia ndoo ya maji ingali nyekundu kwa moto, mbele ya macho yangu. Matangani akasema, “Ni kazi ya Mungu.” Wote wakaitikia. Mimi nikanyanyuka mkekani nikatoka.

Nilikuwa nasomea uhandisi wa metali. Nilipopelekwa masomoni ng'ambo ya bahari, nilibeba kipande cha ekseli ile. Huko kuna mtambo unaorusha nyutroni, chembe ndogo mno zinazopenya chuma mpaka ndani. Zinavyotawanyika ndivyo unavyojua atomi zimejipangaje. Tulipasha moto chuma cha aina ileile. Kilichopoa taratibu kilitulia. Kilichopozwa ghafla, atomi zake zilijipanga upya papo hapo, zikabanana, kikawa kigumu lakini rahisi kuvunjika. Kipande changu kilikuwa hivyohivyo. Nililia mbele ya watu nisiowajua.

Niliporudi Tabora nilimkuta baba mdogo stendi, basi jingine likijaa. Kondakta alikuwa akijisifu kwamba ekseli imechomelewa asubuhi hiyo na kupozwa kwa maji, hawakuchelewa.

“Shikamoo, baba mdogo. Na hii umeimwagia maji?”

“Marahaba. Wewe mtoto, unataka kumfufua dada yako?”

“Nataka usiue wa mwenzio.”

Nikasimama mbele ya basi, nikawaeleza abiria nilichokiona. Baba mdogo akanitukana, akapiga honi. Mama mmoja wa kijiji cha Isikizya akashuka na mwanawe mgongoni, kisha mwingine, mpaka basi likabaki tupu. Baba mdogo hakusema nami tena hadi alipofariki. Lakini ekseli aliing'oa, akaweka mpya.

Basi wewe unayejifunza kazi hii ya vyuma, ukijua chuma kimeharibika usinyamaze eti unamheshimu mkubwa. Mungu usimbebeshe haraka za watu. Na hasira yako usiimalizie kwenye matusi. Itume ikatafute ukweli, kisha uuseme palepale watu wanapopanda gari. Mola akupe macho ya kuona ndani na sauti isiyokauka. Ufike salama, wewe na kila unayesafiri naye.