Vihisi Vilivyochelewa na Mkono wa Mama Neema

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata leo nikiisimulia hutazama chini. Ilikuwa Ijumaa ya theluji, nami kijana niliyejiona mjuzi. Nilifanya kazi katika karakana moja huku ughaibuni, katika mji wa Lakeville, tukiunda mitambo ya kuendesha mota kubwa. Kila mtambo una kihisi, kifaa kidogo kinachopima mkondo wa umeme. Mota ikikwama, umeme hupanda ghafla, na kihisi lazima kitoe habari papo hapo ili mtambo ujizime. Kikichelewa, hata kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, mtambo hulipuka.

Kuvipima vihisi hivyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwanza unavipitishia umeme uliotulia, uone kama vinasoma sawasawa. Kisha unavirushia umeme wa ghafla, na kwenye skrini unatazama mistari miwili: jinsi umeme ulivyopanda, na jinsi kihisi kilivyoufuata. Pengo kati yake ndilo linalokuambia kama kifaa ni chepesi au kizito. Kipimo hiki cha pili kinachosha, sikufichi. Na siku hiyo nilikuwa nawahi kikao cha harusi ya rafiki yangu kule Inver Grove Heights. Nikapima kwa umeme uliotulia tu. Vyote vikasoma vizuri. Nikatia sahihi kwamba nimevipima kwa njia zote mbili, nikaenda zangu.

Jumatatu, Mama Neema, fundi mwenzangu, akawasha mtambo mmoja wenye kihisi nilichokipitisha, kwenye meza ya majaribio. Mama huyu alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, jirani yangu Brooklyn Center. Kabla sijanunua gari, ndiye aliyekuwa akinipeleka kazini kila asubuhi. Mota ikakwama. Nikasikia mshindo, kisha yowe. Nilipogeuka, mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua.

Msimamizi akasema mama ndiye aliyekosea kuunganisha nyaya. Akamwachisha kazi. Nami nilikuwa nimesimama palepale, najua, na mdomo wangu haukufunguka.

Nilinyamaza siku tisa. Kanisani nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nikitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku ya kumi nikabisha mlangoni kwake.

“Mama, kosa ni langu. Vile vihisi sikuvipima inavyotakiwa.”

Akanitazama sana. “Ulijua tangu ile siku?”

“Tangu ile siku.”

“Mukono itapona, mwana wangu,” akasema kwa Kiswahili cha kwao. “Lakini batu banasema miye sijuwe kazi. Ile siku ulinyamaza, uliniunguza mara ya pili.” Machozi yakanitoka. “Usililie kwangu,” akasema. “Enda kwa patron, umwambie yeye.”

Nikaenda kwa msimamizi, nikasema yote. Vihisi vilivyobaki vikapimwa upya, na vingi vikaonekana vinachelewa. Mimi nikafukuzwa, na ilikuwa haki. Mama Neema akaitwa, akarudi kazini, ijapokuwa vidole vyake havikukunjika tena. Alinisamehe, ndiyo. Lakini mpaka leo, uzeeni, baada ya ibada hunisalimia kwa mkono wa kushoto, na huniomba radhi kwa kufanya hivyo. Yeye ndiye anayeniomba radhi mimi!

Basi, mwanangu, usitie sahihi kwa jambo ambalo jicho lako halikuliona. Kitu kikikaa sawa wakati wa utulivu, bado hujakijua. Kipime kwa msukosuko. Na utakapokosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimemlea miaka mingi, na hadi leo hajaota miguu ya kuondoka kwangu.

Mungu akujalie mkono mwaminifu na ulimi unaowahi kukiri. Na wanaokuamini wasiumie kwa sababu yako. Amina.