Profesa Alivyoingia Kicheni Pati

Mwanaume haingii kicheni pati. Ni shughuli ya wanawake ya kumfunda bibi harusi; hilo halihitaji shahada. Bwana harusi haingii, baba mzazi aliyelipia ukumbi haingii, na mpiga picha akiwa mwanaume anarudishwa mlangoni kwa vigelegele vya kejeli. Naanza na hilo kwa sababu kila nikikumbuka, hasira yangu inaanzia hapo.

Nilikuwa mtafiti wa baada ya uzamivu. Mama yangu mpaka leo hajaelewa hiyo ni kazi gani, na simlaumu. Umeshamaliza kusoma, watu wanakuita dokta, lakini ajira huna. Una mkataba wa mwaka mmoja mmoja, uko kama popo, si ndege si mnyama. Mradi wetu ulihusu tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga Butimba, hapa Mwanza, na kiongozi alikuwa profesa mmoja wa kwetu Kagera niliyemwita Baba. Msimu wa senene ukifika alikuwa akiniletea mfuko mzima wa senene, wale panzi wa kwetu, wa kukaanga. "Kula, mwanangu," anasema. "Zamani wanawake waliwakamata, wanaume wakawala. Sisi wasomi tumeshaacha hayo." Nami nilikula.

Aliniahidi jambo moja, tena mbele ya wenzangu. Nikigundua kitu kipya, jina langu litatangulia kwenye andiko, na kwa andiko hilo ataniombea nafasi ya uhadhiri wa kudumu. Hiyo nafasi ndiyo niliyokuwa nikiihangaikia usiku na mchana, maana umri nao ulikuwa unakwenda.

Kitu chenyewe kilikuwa alama. Mgonjwa wa mionzi huchorwa alama ndogo ngozini, tumboni na nyongani, ili kila siku alale vilevile na mionzi ipige palepale. Tulikuwa tunazichora kwa kalamu ya wino mzito, kisha tunamwambia asipaloweshe mahali hapo mpaka tiba iishe. Wiki na wiki, kwa joto hili la Mwanza! Tukishasema hivyo, sisi wenyewe tunarudi nyumbani kuoga.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa Ukerewe, mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Siku moja nikaona alama zake zimekolea kupita kiasi, halafu zimehama upana wa vidole viwili.

"Mama, hizi nani kachora?"

Akatazama ukuta. Nikafunga mlango, nikakaa karibu naye. Ndipo akanieleza. Alikuwa amefikia Buzuruga kwa binti yake, yaani kwa mkwewe, kwa kuwa mjini hakuwa na kwingine. Kwao mama mkwe na mkwewe hawapeani hata mkono, na sasa wanalala ukuta kwa ukuta, bafu moja. Na ugonjwa ule, ukweli usemwe, una harufu.

"Mwanangu, nisipooga mkwe wangu atanisikia harufu. Bora nife."

Kwa hiyo alikuwa anaoga, kisha anajichora upya kwa peni ya mjukuu wake, ameshika kioo. Alinishika mkono. "Usimwambie mtu, mwanangu. Mkwe wangu asijue kamwe." Nikamhakikishia. Nilimsimulia Baba peke yake, kikazi, maana mionzi ikikosea mahali lazima kiongozi ajue. Nikamwomba yasitoke ofisini, akasema, "Hilo nalo la kuniambia?"

Haikupita muda tukafanya kicheni pati ya mdogo wangu. Alichorwa hina mikono yote. Baada ya wiki nzima nilimkuta anasugua masufuria kwa jivu, na maua yake yapo vilevile. Nikasimama pale jikoni kama niliyepigwa shoti. Jamani! Nikanunua hina safi, siyo ile nyeusi inayobabua ngozi, nikaikoroga na kujichora tumboni mwenyewe. Nikaoga asubuhi na jioni, nikajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Alama haikutoka.

Tulipopata vibali, mama wa Ukerewe alikuwa wa kwanza kukubali. Nilimchora kwa mkono wangu. Kesho yake alikuja ananukia sabuni, anacheka. "Leo nimeoga kama mtu, mwanangu." Alipomaliza tiba akawa anarudi kliniki kuangaliwa, na hapo akawa anajifanyia kazi isiyo na mshahara. Anakaa na wagonjwa wapya kwenye benchi, anafunua kanga kidogo kuwaonyesha pale hina ilipokuwa, anawaambia, "Msiogope. Huyu mwanangu ana mkono mwepesi." Wengi walikubali kwa sababu yake, si kwa maelezo yangu ya kisomi.

Halafu ukaja mkutano, hotelini, kando ya ziwa. Baba alipanda jukwaani kueleza matokeo. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa gauni jipya, nangoja kuitwa.

"Wazo hili," akasema, "lilinijia kwenye kicheni pati ya binti yangu. Nilikaa pale, nikatazama mikono ya akina mama..."

Loo! Nilifikiri nimesikia vibaya. Kwanza mabinti zake wote bado wako shule. Daktari mmoja mwanamama akapaza sauti kutoka nyuma, "Profesa, uliingilia dirishani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba naye akacheka, akajibu, "Mtafiti huingia popote!" Wakampigia makofi. Wanawake walijaa mle ndani, kila mmoja ameshafundwa au amefunda, kila mmoja anajua kwamba anachosema hakiwezekani. Nikangoja mmoja tu aulize kwa dhati. Ikaja chai, zikaja sambusa, hakuna aliyeuliza.

Mwisho alimshukuru "msaidizi wangu", akanielekezea kiganja. Nami, Mungu wangu, nilisimama nikatabasamu.

Hakuishia hapo. Alisimulia na habari za mama yule. Ukerewe akaitaja, Buzuruga akaitaja, akamtaja mkwe, peni, kioo, hata harufu. Nje kulikuwa na watangazaji wa redio, akawarudia yote kwa sauti ile nzuri ya kuhubiri.

Nilimfuata ofisini Butimba. "Baba, kicheni pati ile ilikuwa ya mdogo wangu."

"Mwanangu, mambo ya utafiti ni ya familia. Mkono mmoja haulei mwana."

"Huyu kalelewa na mkono mmoja. Wa pili umekuja siku ya kupiga picha."

Hakukasirika. Bora angekasirika! Alivua miwani, akaniambia mimi bado kijana, majina yatakuja. Nikamuuliza kuhusu yule mama. Akajibu, "Lakini sikumtaja jina." Akafungua droo akanipa mfuko wa senene. Niliuacha juu ya meza yake. Andiko lilitoka, jina langu likawa mkiani, na ule uhadhiri sikuitwa hata kwenye usaili. Mpaka leo ananipigia simu, "Mwanangu, mbona umepotea?"

Baada ya mkutano ule nililia wiki nzima kwa ajili ya jina langu. Ikafika siku ya kliniki. Wagonjwa wapya walikuwa kwenye benchi wakiwa na hofu, lakini mama wa Ukerewe hakuwa kati yao. Alikaa peke yake, mwisho kabisa wa korido, kajifunika kanga mpaka shingoni. Binti yake akanivuta pembeni. Mume wake ana duka la spea karibu na stendi ya Buzuruga, na redio huwa wazi kutwa. Wenzake waliunganisha habari, wakamtania kwamba anamfanya mama mkwe ajichore kwa peni. Hakumfukuza mama. Alirudi, akala kimya, akashindwa kumtazama. Jioni ileile mama alifunga mzigo wake. Sasa akija kliniki analala Usagara kwa muumini mwenzake, na kwa wajukuu hajakanyaga tena.

Nikamwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, si mimi niliyesema redioni. Nakuapia."

"Najua. Sauti haikuwa yako." Alikuwa akitazama mikono yangu, ile aliyokuwa akiisifu. "Lakini yule baba sijawahi kumwona hata siku moja. Niliyemwambia ni wewe, daktari."