Kaskazini ya Mradi

Rahila binti Hamzah huchora vitu ambavyo jengo likishakwisha havionekani tena: mabomba ya maji safi, mabomba ya maji taka, njia za nyaya ndani ya kuta. Ofisi yao iko Wete, juu ya duka la vitambaa. Macho yake yamechoshwa na skrini kiasi kwamba hata akitazama anga huiona ina mistari.

Katika programu anayochorea kila kitu kina jina lake. Taa ni kifaa. Bomba na vyote vinavyoungana nalo ni mfumo. Bomba likipita ndani ya boriti, huo huitwa mgongano, na kompyuta huupaka rangi nyekundu ili mtu asipitiwe. Kosa alilolifanya katika bweni la Mtambile halikupakwa rangi yoyote.

Lilikuwa bweni la ghorofa moja kwa wasichana wa madrasa. Msanifu wa jengo, mtu wa mbali, aliugeuza mchoro robo duara ili ulale sawa kwenye karatasi. Ni jambo la kawaida. Programu inazijua kaskazini mbili: ya kweli, na ya mradi, yaani upande wowote ule mchoraji alioamua uwe juu ya karatasi. Lakini kwa Mpemba kaskazini ni kibla, maana Makka kwetu iko huko huko juu. Rahila aliupokea mchoro huo baada ya michoro mingine mingi, akiwa na hamu moja tu, ya kuumaliza. Aliona mshale, akaona kibla, akavipanga vyoo vyote vya kuchuchumaa vielekee pembeni, maana chooni mtu haelekei kibla wala haipi mgongo. Hakutazama mshale ni wa kaskazini ipi.

Siku moja kabla ya kumwaga zege la sakafu ya juu alikwenda Mtambile na Injinia Salem, mkuu wake, kukagua mabomba. Mbao zilikuwa zimeshatandikwa, nondo zimefungwa, na kati ya nondo kulikuwa na visanduku virefu vya mbao vilivyoachia nafasi za masinki ya vyoo. Ikaadhiniwa adhuhuri. Mafundi na Salem wakashuka uani, wakapanga safu. Rahila alibaki juu, amechoka, ameegemea ukuta, akiwatazama wakisujudu. Kisha akavitazama visanduku. Vilikuwa vimelala vile vile walivyoelekea wale wanaume kwenye mikeka yao.

Angeweza kunyamaza. Kesho zege lingefunika kila kitu.

"Injinia," Rahila alimwambia Salem aliporudi juu, "vyoo vinaelekea kibla."

"Mchoro hausemi hivyo."

"Mchoro umegeuzwa. Mshale ule ni wa mradi."

Salem alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi geuza mshale. Nani atapanda huku na dira?"

"Dira ya nini, Injinia?" alidakia Fundi Jaribu, msimamizi wa mafundi, nyayo bado mbichi kwa udhu. "Sie tumetoka kusali sasa hivi. Au na Makka utuchoree upya?"

Vijana wake wakacheka. Salem hakucheka. "Wanazuoni wetu wameruhusu," alisema, "madhali pana ukuta. Muulizeni Ustadha."

Ustadha Mwatima, mlezi wa wasichana, alikuwa amesimama kwenye ngazi, amekamata baibui lake lisiguse saruji. "Wameruhusu, Injinia, mie sikatai. Lakini adabu ya chooni nawafundisha mie asubuhi, jioni niwapeleke wakaivunje? Watakwenda migombani hao. Nawajua."

"Nani kachora?" Salem aliuliza, ingawa alijua.

"Mie," alisema Rahila. "Nilidhani juu ya karatasi ndiko kibla."

Salem alivaa tena miwani yake. "Mashine ya zege inakuja kesho alfajiri, na hairudi. Vikigeuka kabla ya magharibi, vimegeuka. Visipogeuka, vitabaki hivyo hivyo." Akashuka zake.

Kompyuta ilikuwa Wete. Rahila akaomba chaki. Alipiga magoti kwenye mbao, akatafuta kwa mikono boriti zilipo, akaanza kuchora choo kimoja kimoja upya kati ya nondo, bomba la kila kimoja likwepe boriti na bado lipate mteremko. Nyuma yake mafundi waling'oa visanduku kwa nyundo na matusi ya chini chini. Jua lilihama mgongoni mwake, likampiga shavuni.

Walipofika choo cha mwisho, nafasi ilikuwa imebana.

"Hapa mtu haenei, Bi Rahila," alisema Jaribu.

"Anaenea."

"Aah! Kaa basi tukuone."

"Mna kazi ya kunitazama nyinyi? Geukeni huko, hamna haya."

Wakageuka, wanacheka. Rahila alikusanya baibui lake, akachuchumaa juu ya alama za chaki, uso mashariki, nafasi ikibaki mabegani pande zote mbili. Alienea. Alisema, "Gongeleeni," na Jaribu akaleta kisanduku. Lakini Rahila hakuinuka; uchovu wa siku nzima ulikuwa umemkalia. Alibaki pale pale amechuchumaa, kichwa juu ya mikono, na Jaribu akakiweka kisanduku chini taratibu, akasubiri.