Majaji Niliowaokota Barabarani

Nimechoka kuchekwa, bora niseme mwenyewe. Rufaa yangu ya ukaazi imeahirishwa mara nne, na wakili hapokei simu. Jumamosi, nikiwa na rafiki yangu Zuwena katikati ya London, nikaona wazee wawili wenye mawigi meupe na majoho meusi. Kwetu Pemba anayevaa hivyo ni jaji tu. Nikapiga magoti, nikaeleza kesi yote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, hadi nikalia. Mmoja akaisoma barua yangu, akafuta machozi.

“Mheshimiwa, utanisaidia?”

“Mama, sisi ni washairi wa Kijerumani, tulikufa zamani. Tumerudi kuuona mji tuliokaa, na nyumba yetu sasa inauza kuku.”

Watu wakapiga makofi. Zuwena akaninong’oneza, “Shoga, inuka. Hawa ni waigizaji, huu ni mchezo wa mtaani, na watu wanadhani na wewe umo.”