Tembo wa Kilangala na Taarifa ya Saa Mbili

Watu wakinikuta sokoni hunishika mkono na kuniambia, "Wewe ndiye unayetuletea habari." Nacheka tu. Mimi sileti kitu, mimi nasoma. Maneno yanapanda kwenye kioo mbele ya kamera, nami nayafuata. Mwandishi ameandika, mhariri amekata, na mtu wa chumba cha pili ananiambia kwenye kile kidude cha sikioni niharakishe. Changu ni sauti na mtandio, na hata huo mtandio mara nyingine wananichagulia wao.

Haya, mwelezeni hivyo mjomba wangu wa kijijini Kilangala kama mtaweza.

Mjomba ndiye aliyenilea, yeye na mkewe, baada ya mama yangu kufariki. Mkewe nilimwita mama. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo alinikalisha jikoni nimsomee vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani, na nikimung'unya neno nilikuwa naonja mwiko mgongoni. "Tamka! Unamwonea nani haya?" Kama nina ufundi wowote wa kutangaza, nimeutoa pale penye moshi, wala si chuoni.

Nilianzia redio ndogo ya Lindi mjini, nimepanga chumba mtaa wa Mtanda, nikisoma matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea. Kule mtu akija mlangoni asubuhi na shida yake, jioni imesomwa. Baadaye nikaitwa Dar, kwenye televisheni. Usiku wa kwanza niliposoma taarifa ya saa mbili, mama alichinja jogoo wake wa pekee, akawapa majirani pilau. Mjomba akawatangazia wote kwamba sasa Kilangala ina mdomo.

Ndipo tembo walipoanza kuingia mashambani. Walikula mahindi, wakang'oa mihogo, wakavunja mikorosho aliyoipanda babu. Watu walipiga madebe, wakachoma pilipili; tembo wakazoea. Mjomba akajenga dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, wakawa wanapokezana zamu yeye na mama, wazee wazima wale. Mjomba alikwenda ofisi ya wanyamapori kuomba askari. Akaambiwa gari halina mafuta, arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa vilevile. Hapo ndipo aliponipigia simu.

"Mwanangu, liseme hili kwenye tivii."

"Mjomba, mimi sipangi habari."

"Anayekaa pale ni nani?"

"Ni mimi."

"Anayesema ni nani?"

"Ni mimi, lakini..."

"Lakini ya nini tena? Sema! Neno moja tu. Wakubwa wote saa mbili wanakukodolea macho wewe."

Nilikwenda kwa mhariri. Si mtu mbaya, jamani, nisimsingizie. Akaniuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikasema hapana. "Picha zipo?" Hazipo. "Basi tungoje kidogo." Nilitoka nalo hilo "tungoje" mpaka nyumbani, maana nilijua tunangoja nini, na yeye alijua.

Sikuacha. Nilimsumbua mpaka akawa akiniona anashika simu ajifanye anaongea. Mwishowe, Ijumaa moja, akakubali: mistari minne, kabla ya michezo. Mimi kiherehere changu, nikampigia mjomba. Leo! Akawakusanya watu kwenye kibanda cha kahawa chenye tivii, mama akiwa mbele kabisa na kanga mpya. Taarifa ikaanza. Hotuba ya mkubwa mmoja ikavuta, ikavuta, ikala muda wote. Sikioni nikasikia, "Tembo tunawaruka, nenda michezo." Nikatabasamu, nikaenda michezo. Lo! Nilitabasamu, ndivyo tulivyofundishwa.

Heri mjomba angenitukana. "Penye miti hapana wajenzi," akasema kwenye simu, akacheka kidogo. Kisha akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu: "Kwani hao wenzako wanataka nini hasa, ndipo waisome?" Nikamwambia muda ulikuwa mfupi. Ningemwambia nini kingine, na anatoka hapo anakwenda kupanda dungu?

Miezi ikapita. Usiku mmoja nikiwa katikati ya taarifa, kioo kikaleta habari ambayo haikuwa kwenye karatasi zangu. Mkulima mmoja wa Kilangala, mkoani Lindi, ameuawa na tembo jioni hii akilinda shamba. Jina halikuwapo. Niliisoma yote. Na niliisoma vizuri, wallahi, sauti haikutetereka hata kidogo, na mpaka leo naichukia sauti ile.

Baada ya hapo ilibaki bei ya mafuta ya petroli, hali ya hewa na mpira. Simu ilikuwa kwenye mkoba, nje ya studio. Siwezi kuinuka, siwezi kuuliza, kamera imenikazia. Sikioni wananiambia, "Safi, endelea." Nikaendelea. Nilitaja wafungaji wa mabao mmoja mmoja, na kichwani namwona mjomba tu, na lile shati lake la kijani, juu ya lile dungu.

Taa zilipozimwa nilikimbia bila viatu. Simu ilikuwa imejaa namba nisizozijua. Nikapiga ya mjomba. Ikaita, ikaita. Kisha: "Haloo." Sauti yake mwenyewe.

"Alhamdulillahi!" Nilipiga kelele pale koridoni, nikakaa sakafuni nacheka na kulia. "Alhamdulillahi, mjomba! Upo! Mie nilijua ni wewe! Alhamdulillahi!"

Nyuma yake nikasikia wanawake wanalia.

"Mimi nina homa tangu jana," akasema. "Zamu ilikuwa yangu. Mama yako akaniambia nilale, ataenda yeye."

Mdomo ulikuwa bado wazi kwa furaha. Nilijaribu kusema inna lillahi, ikatoka nusu. Nimemshukuru Mungu mara tatu masikioni mwa mtu aliyefiwa na mkewe, na mke huyo ndiye mama yangu, na neno likishatoka halirudi.

"Usilie hivyo, mwanangu, hukujua," akasema mjomba. Akakohoa. "Watu wa kibandani wamekuja kuniambia umeisoma. Wote wamekusikia." Kisha akauliza, "Sasa hao askari watakuja?"

Nikamwambia sijui, mjomba. Wallahi sijui.